Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makumbusho: Tupeni lile kanisa la zamani la diko

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Na kwa wenzetu, Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: KUHAMISHIA CHUMBA CHA UVUVI KATIKA JENGO LA KANISA LA ZAMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wavuvi, mafundi wa vyombo na wachuuzi wa samaki wa diko la mji huu, yaani pale pwani vyombo vya uvuvi vinapofikia. Tulianza kwa mdomo, tukaambiwa tuandike. Tukaandika, tukaambiwa barua ipitie kwa mtendaji wa kata. Ikapita, ikagongwa muhuri, ikaingia kwenye faili, na tangu hapo kila tukienda kuuliza tunaambiwa mhusika yuko semina. Kwa kuwa semina hii haina mwisho, tumeona tuandike hadharani, kila mtu asome.

Jina la mji na la ofisi nimeyaacha kwa makusudi. Wanaohusika wanajijua. Na kama kuna anayesoma haya akiwa Pangani, Kilwa, Lamu au Mkokotoni akaona kama anasomewa habari za kwao, aichukue barua hii na ampelekee mkubwa wake.

Kwa wasioijua kadhia yenyewe, mji wetu una jumba la makumbusho huku juu, karibu na ofisi za serikali. Chumba kimoja cha jumba hilo kimeandikwa «Uvuvi». Mji una pia kanisa la zamani la mawe ya matumbawe na chokaa, walilolijenga wamisionari hatua chache kutoka diko. Waumini walipoongezeka walijenga kanisa kubwa karibu na barabara kuu, na hili la pwani likakabidhiwa kwenu. Tangu siku hiyo limetiwa kufuli. Tunachoomba ni kitu kimoja: chumba cha uvuvi kihamie kule, na sisi tushiriki kukiendesha. Yanayotusukuma ni haya.

1. Dau linaoza mlangoni penu

Familia moja ya hapa iliwakabidhi dau la marehemu baba yao, likiwa na mlingoti, foromali, tanga, usukani na nanga. Wangeweza kuliuza mbao, na wanunuzi walikuwepo. Wakasema hapana, lipelekwe makumbusho, watoto walione. Mkatia sahihi karatasi isemayo kwamba dau litawekwa chini ya paa. Nakala wanayo.

Leo dau hilo lipo nje, chini ya mkungu, juu ya matofali mawili ya saruji, moja mbele na moja nyuma. Mtu asiyejua vyombo ataona limekaa vizuri. Fundi akiliona moyo unamwuma. Chombo cha mbao hakisimamishwi juu ya tofali kama sanamu ya shujaa. Kikiwa baharini, maji yenyewe hukibeba kila mahali sawasawa. Kikiwekwa nchi kavu kinataka mkuku, ule mti mkuu wa chini, ulale juu ya magogo urefu wake wote, na ubavuni kiwekewe mihimili kulia na kushoto. Hili lenu limebebwa ncha mbili, tumbo linaning'inia, na mkuku umekwisha kupinda. Ubao wa tatu kutoka juu, upande wa kushoto, umeachia misumari. Mtu anapitisha mkono mzima mpaka akagusa taruma la ndani. Pamba ya kalafati imetoka kwenye mishono na inapepea. Ndani mvua imetuama, majani ya mkungu yameoza humo, na juu yake mtu ameweka magaloni matupu ya rangi.

Nieleze kidogo, maana huenda hamkupata kuambiwa. Mbao zikiwa majini hunywa, huvimba, na mishono hujifunga yenyewe. Zikipigwa na jua hukauka na kujikunja, na mishono hufunguka. Ndiyo maana mwenye chombo hukipandisha pwani kwa siku chache tu za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: anakikwangua, anakipitishia moto wa makuti kwa chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, anapaka deheni, kisha anakirudisha majini. Chombo kikiwa ni cha kukaa nchi kavu moja kwa moja, basi kinataka kivuli, hewa kupita chini yake, na mafuta ya sifa mara kwa mara. Hapa mjini wapo wazee wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa kikombe cha kahawa. Hakuna aliyewaita.

Na tanga? Tulipouliza, mtunza stoo alitujibu bila wasiwasi kwamba limefunika jenereta.

2. Chumba cha uvuvi hakina mvuvi

Katika chumba chenu kuna dema limetundikwa, mdomo chini matako juu. Chini yake kuna kikaratasi: «Mtego wa asili». Basi. Hakisemi kama ni la mianzi au la fito, wala kwa nini mdomo wake umesukwa uingie ndani ukipungua, samaki apite kwa urahisi akwame kutoka. Hakisemi anayelenga tasi hutia chambo gani. Hakimtaji aliyelisuka. Na aliyelisuka yu hai, anakaa nyuma ya soko la samaki, na amelipitia dema lake mwenyewe limetundikwa kichwa chini.

Upande wa pili kuna jarife, wavu wa kutegea samaki wakubwa, na mbali na jarife kuna picha ya silikanti iliyoandikwa «Samaki wa kale». Hapa naomba mnivumilie. Samaki huyu wataalamu walidhani amekwisha kutoweka duniani tangu zama za kale kabisa, hadi mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Mama wa makumbusho ya East London, mji wa huko huko, Marjorie Courtenay-Latimer, ndiye aliyemwona kwenye shehena ya meli ya uvuvi akatambua kwamba si samaki wa kawaida, na jina lake likaingia katika jina la kisayansi la samaki huyo, Latimeria. Hata nahodha wa meli ile, Hendrik Goosen, anatajwa hadi leo. Huku kwetu silikanti walianza kujulikana rasmi mwaka 2003, na wengi baada ya hapo wakapatikana upande wa Tanga, mpaka mwaka 2009 pakatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Waliwapataje? Kwa majarife, yaliyotegwa vilindini kwa ajili ya papa. Yaani jarife lile la ukuta wa kulia na samaki yule wa ukuta wa kushoto ni habari moja, na nyinyi mmeitenganisha kwa chumba kizima. Mtoto wa shule anatoka humo bila kujua kwamba dunia ilimjua samaki huyu wa kwetu kwa mikono ya watu wa kwao.

Wanawake hawamo kabisa. Wanaotanda dagaa kwenye maji ya magotini, wanaoingia miambani maji yakipwa kwa bamvua na mti mkononi kuchokoa pweza, wanaosimama mnadani alfajiri na ndoo zao, wanaokaanga na kutembeza mitaani. Hakuna hata picha moja. Ukiamini chumba kile, bahari hii imevuliwa na wanaume watupu, tena wasio na majina.

3. Waliokufa maji hawana pa kutajwa

Hili ni fupi lakini ndilo zito. Kila diko lina watu waliotoka na chombo wasirudi. Wengine ni kusi liliwachukua, wengine ni mashine ilizimika nje wakapeperuka, wengine hatujui. Dini yetu inamhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi, lakini shahidi huyu hana kaburi la kuzuriwa. Majina yao yako vichwani mwa wazee, na wazee nao wanaondoka. Tuliwaomba ukuta mmoja tu katika jumba lenu tuyaandike. Tukajibiwa kwamba makumbusho si mahali pa matangazo ya vifo.

4. Kanisa limefungwa, na kufungwa kwenyewe kunaliua

Ndani ya kanisa lile kuna matairi makuukuu, madawati yaliyovunjika miguu na masanduku ya kura za zamani. Juu ya dirisha la upande wa bahari kuna ufa, na katika ufa umeota mche wa mtini ambao sasa ni mti. Mizizi yake inafanya kazi usiku na mchana bila posho. Mlipokuja kurekebisha mlipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji inauzuia unyevu kutoka, ukuta unatota kwa ndani, na plasta inabanduka pamoja na chokaa ya asili. Kila fundi mwashi wa mji mkongwe anajua hilo.

Msidhani nakuza mambo. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash. Humo ndani, mwaka 2003, walijenga mtepe mzima, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ili watu waone mababu walisafiri na nini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lina jina dunia nzima, na bado lilianguka. Kanisa letu dogo lisilojulikana hata makao makuu ya mkoa litaponaje?

Na kuhusu huo mtepe: walilazimika kuujenga upya kwa sababu hakuna aliyeuweka wa asili. Ulikuwa ukipita mbele ya macho ya watu kila msimu, kwa hiyo kila mtu alidhani utaendelea kuwepo. Ulipokwisha kupotea, vikabaki vile vidogo vya mfano vya makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, mafundi wakaanza kupima na kukisia. Dau la tanga nalo lipo katika miaka yake hiyo hiyo sasa. Boti za faiba zimeingia, mashine za kupachika zimeingia, na sisi wenyewe tunazitaka. Hakuna mvuvi mwenye akili anayependa kupiga kafi mpaka miamba ya nje kwa ajili ya kumfurahisha mtalii. Lakini fundi anayejua kuchonga mkuku kwa tezo na kutoboa kwa keekee hapa mjini hafundishi mtu tena, kwa kuwa hakuna anayeagiza.

Waheshimiwa, tunachoomba kimekwisha kufanyika kwingine. Katika mji wa Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, kulikuwa na kanisa la Mtakatifu Nikolasi, lililojengwa mwaka 1854 ufukweni kwa ajili ya wavuvi na familia zao. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, jeshi likalifanya stoo, na baada ya vita halikurudi kuwa kanisa. Hapo likawa katika hali kama ya letu: mawe mazuri, kazi hakuna. Chama cha wenyeji kiitwacho Old Hastings Preservation Society kikalichukua, na mwaka 1956 likafunguliwa kuwa makumbusho ya wavuvi. Mpaka leo liko wazi.

Nimeingia mle mwenyewe nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayefanya kazi huko. Pale walipokuwa wakikaa waumini pamesimama chombo kizima cha uvuvi, Enterprise, namba yake RX 278, kilichojengwa mjini hapo hapo mwaka 1912, miongoni mwa vyombo vya mwisho vya tanga kujengwa kwenye ufukwe ule. Hakikupita mlangoni. Walifungua sehemu ya ukuta, wakakiingiza, wakauziba. Sasa hebu wazieni: watu walioona ni afadhali kuvunja ukuta wa kanisa kuliko kukiacha chombo nje kinyeshewe. Mgeni anapanda juu yake, anashika mbao, anaona kazi ya fundi kwa karibu. Kuzunguka kuta kuna picha za wavuvi, michoro, vyombo vya mfano na zana. Kuingia ni bure, na kuna mahali pa kutia mchango. Hata ubatizo huwa unafanyika humo mara moja moja, na hakuna anayeona ajabu.

Kilichonigusa zaidi kiko nje ya mlango. Kuna mabanda marefu meusi ya mbao, yamepakwa lami, kila moja limesimama kwenye kiwanja kidogo mno, ghorofa juu ya ghorofa. Wavuvi walikuwa wakiweka nyavu humo zama za nyavu za pamba na katani, ambazo zikilala na unyevu zinaoza. Ufukwe ulikuwa mwembamba, wakajenga kwenda juu. Na mbele ya mabanda vimepandishwa vyombo vinavyofanya kazi hivi leo, kwenye kokoto tupu, kwa kuwa mji ule hauna bandari ya kuvikinga. Sisi tunavuta kwa magogo na nyimbo, wao wanavuta kwa winchi, lakini shughuli ni ile ile ya kupambana na chombo kizito na mchanga. Inasemwa hakuna mahali Ulaya penye vyombo vingi vya uvuvi vinavyoshushwa na kupandishwa ufukweni hivyo kuliko pale. Kwa hiyo mtu akisoma habari ya uvuvi ndani, akitoka anaukuta uvuvi wenyewe unamsubiri nje, na akiwa na swali wa kumwuliza yupo. Jumba lenu la huku juu haliwezi kufanya hivyo hata likijengwa upya kwa marumaru, kwa sababu mvuvi hapandi mlima kwenda kuulizwa maswali.

Wala msidhani wenzetu walipewa kila kitu kwenye sinia. Mwaka 2012 lilifunguliwa jumba la sanaa za kisasa kwenye ufukwe ule ule, na wavuvi wengi walikuwa wamelipinga toka lilipopangwa. Ugomvi wa nani mwenye pwani upo kila mahali. Tofauti ni kwamba wao tayari walikuwa na nyumba yao pale, yenye chombo ndani, na nyumba hiyo haihamishiki.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine tumekwisha kujibiwa.

Mtasema hakuna bajeti. Hatujaomba bajeti ya kununua kitu. Jengo lipo, dau lipo, zana mnazo na nyingine tutaongeza wenyewe. Ung'oaji wa ule mtini, kuondoa saruji na kupaka chokaa upya, mafundi wetu wameshauangalia na wako tayari kufanya kwa zamu; chokaa inachomwa hapa hapa. Mnachotakiwa kutoa ni mtaalamu wa mambo ya kale wa kusimamia ili tusiharibu, na hilo ni jukumu lenu kwa sheria hata bila barua hii. Hastings ni Ulaya, mtasema, wana fedha. Walianza na jengo la kupewa na watu wa kujitolea, waheshimiwa, tena miaka kumi na moja tu baada ya vita iliyowaacha hoi.

Mtasema wavuvi wengi hapa ni Waislamu na lile ni kanisa. Jibu hili mmelipenda sana, na linanishangaza kwa sababu kila likitolewa linatolewa na watu wasiovua na wasioswali upande wowote. Shehe na padre wa mji huu walikaa kwenye baraza moja, mbele yetu, wakakubaliana. Padre aliomba jambo moja: pale palipokuwa altare pasiwekwe kitu, pabaki wazi. Shehe akasema hilo ni ombi la adabu na tukaliandika. Bagamoyo makumbusho ya misheni yamo katika nyumba ya masista ya mwaka 1876, ndani ya uwanja wa Kanisa Katoliki, na watoto wa madrasa wanaingia na kutoka pamoja na wenzao bila imani ya mtu kutikisika.

Mtasema wavuvi hawana utaalamu wa makumbusho. Kweli, hatuna. Nyinyi nanyi hamna utaalamu wa dau, na matokeo yake yanaonekana chini ya mkungu. Ndiyo maana neno tulilotumia ni kushiriki, hatukusema kunyang'anya.

Na kuna lile jibu lisiloandikwa popote, ambalo tunalisikia kwenye vijiwe vya kahawa: kwamba jengo linamsubiri mwekezaji atakayelifanya mgahawa. Kama si kweli, semeni hadharani si kweli. Kama ni kweli, tunataka kuuona mchakato, tangazo lilibandikwa wapi, na kwa nini waliokabidhi jengo hawakuulizwa. Padre anasema yeye hajaulizwa. Mgahawa wa samaki hatuukatai, ila pwani ina viwanja vingine na kanisa la zamani la diko ni moja.

Kwa hiyo tunawaomba, na kuwataka, mfanye yafuatayo:

Kwanza kabisa, kabla ya masika, dau liondolewe nje. Hata kama mengine yote yatachukua miaka, hili lisingoje kikao. Tanga lirudishwe kutoka kwenye jenereta, lilivyo, hata kama limechanika. Mafundi wa matanga bado tunao.

Pili, jengo la kanisa la zamani litamkwe kwa maandishi kuwa halitakodishwa wala kuuzwa wakati maombi yetu yanashughulikiwa.

Tatu, iundwe kamati ndogo yenye wataalamu wenu, wavuvi, mafundi wa vyombo, wanawake wa pweza na wa mnadani, na mjumbe mmoja mmoja wa msikiti na wa parokia. Kazi yake ya kwanza iwe kupita na daftari kwa wazee, kuandika kila zana jina lake, aliyeitengeneza, na inavyotumika, kaskazi na kusi. Hiyo haihitaji jengo, inaweza kuanza wiki ijayo.

Nne, ukuta mmoja wa jengo hilo uwe wa majina ya waliopotea baharini, kwa kadiri familia zao zitakavyoridhia.

Tano, mtujibu kwa maandishi. Tukinyimwa, tuandikiwe tumenyimwa kwa sababu gani na nani aliyeamua, tujue pa kukata rufaa.

Dau tutalihamisha wenyewe siku mtakayotoa kibali na ufunguo. Magogo tunayo, kamba tunazo, watu wa kuvuta wapo kila siku baada ya mnada wa asubuhi. Tumekwisha kupima mlango wa kanisa: kwa upana dau linapita likilazwa ubavu, bila kuvunja ukuta. Mlingoti utaingia peke yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya wazee wa diko, mafundi wa vyombo na kina mama wa soko la samaki

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Diwani wa kata
Paroko na Imamu wa msikiti wa ijumaa
Familia iliyotoa dau
Ubao wa matangazo, soko la samaki